Sekunde Arobaini za Viganja Viwili

Hamu ya mtu hainishiki mimi. Homa hunishika, usingizi hunishika, na askari wa barabarani alishanishika mara moja, lakini hamu, hapana. Nasema hili mapema ili msomaji ajue kwamba habari hii ya Injinia Naelijwa Mbwambo na programu yake ya Zamu inasimuliwa na mtu asiye na upande. Naitwa Msengi, mpima maji daraja la pili katika Mtambo wa Maji wa jiji la Mbuga Mpya, na yote nitakayoyasema nayasema kwa macho makavu.

Zamu ilipendeza kuitazama saa nane kamili mchana. Katika dakika hiyo watu elfu kumi na moja walitoka kazini na wengine elfu kumi na moja wakaingia, kwenye Hospitali Kuu, kwenye reli ya sumaku na kwetu Majini. Makabidhiano yote yalichukua sekunde tisa. Ukuta-hai, ule ukuta wa mwanga ulio mbele ya kila mfanyakazi, ulifunga kazi ya anayetoka na kumfungulia anayeingia yale tu aliyohitaji kuyajua. Treni hazikupunguza mwendo. Mgonjwa aliyekuwa juu ya meza ya upasuaji hakujua kwamba mikono iliyomshika imebadilika. Hata milango ilipangwa: Zamu iliwapitisha wanaotoka upande wa mashariki na wanaoingia upande wa magharibi, makundi mawili yasikutane wala kusukumana. Wageni walikuja kutoka miji ya mbali, wakasimama kwenye kibaraza cha juu na kuipigia makofi milango.

Wataalamu wao hawakuja kwa ajili ya milango. Walikuja kuangalia sura. Zamu ilikuwa programu moja, lakini ilipofunguka Relini ilivaa rangi ya chungwa na herufi nene ambazo dereva huzisoma hata behewa likitikisika. Hospitalini ilivaa kijivu kisichomulika, kwa sababu kuna macho pale yameamka tangu alfajiri. Kwetu ilikuwa ya samawati, na madirisha yake yalifunguka polepole, maana fundi wa maji hugusa kioo kwa mikono iliyolowa, na kioo kikiharakisha atabonyeza asichokusudia.

Hapo ndipo penye elimu, na mimi nitaieleza kwa lugha ya kantini. Kila taasisi ina mfumo wake wa sura. Ni kama kitabu cha adabu cha programu: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani, kikikosea kiombe radhi kwa maneno yapi. Mfumo umejengwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi yake. Mfanyakazi akizoea mfumo wa kwao, mkono wake hujua pa kwenda kabla hajafikiri. Ukimbadilishia, unamfanya mgeni kwenye meza yake mwenyewe.

Baraza la Jiji lilimwita Injinia Naelijwa likampa miezi kumi na minane: bidhaa moja ya kazini, ndani ya mifumo mitatu, na asiwepo mgeni. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti ndogo inayokulazimisha umsogelee. Kila alipojaribu kioo kipya alivua viatu. Alisema miguu ndiyo huanza kuchoka, na mtu aliyechoka ndiye mtumiaji wa kweli.

Kikao cha kwanza cha watunza sura wa taasisi tatu kilikula nusu siku kwa sababu ya pembe za vitufe. Watu wa Reli walidai pembe za mviringo ni za watoto. Hospitali wakaapa kwamba kitufe chekundu hakitaingia kwao, maana kwao nyekundu ni mtu anavuja damu. Reli wakajibu kwamba nyekundu ndiyo rangi pekee ambayo dereva huitii. Wa kwetu walikaa kimya mpaka chai ikaletwa, kisha wakatangaza kwamba wao hawataharakishwa. Injinia aliwasikiliza wote, akaandika mambo mawili tu kwenye kijitabu chake: mfupa mmoja, ngozi tatu.

Akaanza kuhesabu vipande. Alivipata elfu moja mia tisa kumi na vinne. Kulikuwa na namna ishirini na tatu za kuomba radhi, kuanzia ile ndefu ya Hospitali iliyomuuliza mtumiaji kama yu salama, hadi ya Reli iliyosema "Hitilafu. Rudia." Vyote alivilisha kwa Mfumaji, akili bandia aliyokuwa akifanya nayo kazi kwa miaka kumi na mmoja. Mfumaji alilaza vipande vinavyofanana ubavu kwa ubavu, akapima kasi na makosa, akachagua kimoja na kukishona upya katika ngozi zote tatu. Sheria yake ilikuwa fupi. Vipande viwili vikiwa na kazi moja, cha polepole kinaondoka.

Sasa, katika vipande hivyo vilikuwamo vya kukabidhi zamu. Relini mtu aliweka kidole kimoja, basi. Hospitalini alisoma mistari mitatu kwa sauti. Kwetu kulikuwa na ubao wa viganja viwili. Anayetoka aliweka kiganja chake kwenye kioo, anayeingia akaweka cha kwake pembeni, na kioo kikahesabu sekunde arobaini kabla hakijageuka kijani. Ukiondoa mkono, kinaanza upya. Uliwekwa na marehemu Hokororo, msanifu wa kwanza wa mfumo wa Maji, na hakuna aliyekumbuka kwa nini sekunde arobaini na si nne.

Mimi nilikuwa nakabidhi kwa binti mmoja anaitwa Somoe, mtu wa Lindi. Namtaja kwa sababu za kiufundi tu. Kwa miezi kumi na minne, siku tano za juma, tulisimama ubavu kwa ubavu mbele ya ule ubao tukiwa tumekikodolea kioo macho kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nimepiga hesabu, yote pamoja haifiki saa tatu na nusu. Katika saa tatu na nusu hizo nilijua kwamba bibi yake anabangua korosho kwa mikono na hataki mashine, kwamba goti lake la kushoto hutabiri mvua na hukosea, kwamba alipokuwa mdogo alikimbia jando la kaka yake akidhani ni harusi ya watu wakali. Kila kisa kilikatwa na kioo kikigeuka kijani, nikabeba mkia wake hadi kesho yake. Nilikuwa nawahi kazini kuliko mtu yeyote wa zamu ya asubuhi. Yaani nilipenda kazi.

Ikafika siku ya Injinia kuwauliza watumiaji. Alituita kantini, watu arobaini wa zamu ya asubuhi, akavua viatu, akaonyesha kila kipande kinachokusudiwa kuondoka, na kwa kila kimoja aliuliza kama kuna atakayekikosa. Hilo ndilo kosa lake la kwanza na yeye mwenyewe amelikiri baadaye: aliuliza watu wote pamoja, chakula kikiwa mezani, saa ambayo sisi huwa tunataniana.

Ukafika ubao wa viganja viwili. Watu walitazama sahani zao. Kisha Lukumay wa pampu, ambaye mdomo wake hauna mfuniko, akasema aulizwe Msengi, yeye ndiye mwenye mapenzi na ule ubao. Kantini nzima ikacheka. Nilihisi masikio yanapata moto. Mtu akifikia hapo ana njia mbili, na mimi tangu sekondari najua moja tu.

"Kiganja cha mtu kina jasho, Injinia," nilisema. "Uondoeni. Hakuna atakayeulilia."

Walicheka mpaka wakapiga meza. Injinia aliandika. Mfumaji alikuwa anasikiliza, na Mfumaji hajui mzaha.

Siku moja kabla Zamu haijawashwa, Somoe alifika kwenye ubao akiwa na bahasha ya Idara ya Anga mfukoni mwa ovaroli. Alikuwa amechaguliwa kwenda kuendesha maji katika kituo cha Mwezini, miaka sita, na alitakiwa kujibu ndani ya siku mia moja. Nilisema huko Mwezini mvua hainyeshi, kwa hiyo goti lake litapumzika. Hakucheka.

"Kesho nitakuuliza kitu, kaka Msengi," alisema. "Usije na mzaha wako."

Kioo kikawa kijani.

Kesho yake hapakuwa na ubao. Palikuwa na ukuta-hai mpya, wa samawati, mzuri kweli, nao ulinifungia kazi kwa sekunde tisa na kuniwashia njia ya kijani kuelekea mlango wa mashariki. Juu ya njia hiyo, kwa herufi za mfumo wetu wenyewe, Baraza lilikuwa limepamba uzinduzi kwa maneno ya watumiaji. Ya kwanza yalikuwa yangu, na jina langu chini yake. *Kiganja cha mtu kina jasho. Uondoeni. Hakuna atakayeulilia.* Yalikaa juu ya mlango wa mashariki na juu ya mlango wa magharibi kwa juma zima.

Mtauliza habari za simu. Namba ya Somoe ilikuwa kwa Mama Nyamizi wa kantini, ambaye ana namba za watu wote, hata za waliokwisha kustaafu. Sikuiomba. Ningempigia nikasema nini? Mara moja nilikwenda kumsubiri mlango wa magharibi, na Zamu, kwa heshima zote, ikaona mtu amesimama mahali pasipo pake, ikaniwashia njia ya kurudi nyumbani hadi kwenye vidole vya miguu. Mara nyingine nilimwona ng'ambo ya ukuta wa kioo. Alinipungia mkono na kusema kitu ambacho nilikisoma vizuri midomoni mwake: habari za kazi. Vile unavyomsalimia mkaguzi.

Siku zikaenda. Injinia Naelijwa akapewa tuzo, na miji mingine ikaanza kumpigia simu. Lakini alikuwa na tabia ya kusoma namba ndogo ambazo wengine huziruka, na kulikuwa na moja iliyomkera. Relini na Hospitalini watu walitoka zamu wakaondoka. Majini walibaki ndani ya jengo dakika kumi na mbili kila siku bila kazi yoyote. Mfumaji alishauri taa za ukumbini ziongezwe mwanga, watu waone njia.

Kisha pampu ya tatu ikapasuka na robo ya jiji ikakaa siku nzima bila maji. Uchunguzi ulionyesha kwamba Lukumay aliisikia pampu ile ikikohoa siku nne mfululizo. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alisema Zamu haina mahali pa kuandika kwamba pampu inakohoa. Na kweli haina. Zamani angemwambia mwenzake pale kwenye ubao, baada ya kuulizana watoto wameamkaje.

Injinia alikuja mwenyewe. Saa nane alisimama ukumbini bila viatu akatutazama. Aliona mafundi wazima wakifunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Aliona watu wakisuuza vikombe visafi, wakigeuza shingo kila mlango wa magharibi ulipofunguka, na kwenda zao.

Juma lile lile alinikuta kwenye ngazi za nyuma akakaa karibu yangu. Alinieleza kwamba amerudi kwenye maandishi ya Hokororo. Kando ya ubao wa viganja viwili marehemu aliacha mstari mmoja tu: amewapima watu mia mbili, na salamu haifiki kwenye kazi kabla ya sekunde arobaini.

"Niliusoma mstari huo mwaka jana," alisema. "Nikaona sababu si ya kiufundi. Nikaufuta."

Nilimwambia asijilaumu, hata mimi nimewahi kufuta vitu. Aliniacha nimalize.

"Msengi, mimi nafanya kazi na Mfumaji peke yangu, mwaka wa kumi na moja huu. Sina wa kumkabidhi. Nadhani nilisahau kwamba watu wengine wanaye." Akatazama nyayo zake. "Ulimaanisha ulichosema siku ile?"

Nikasema jasho ni jambo zito kiafya.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua. Alinieleza kwa sauti yake ile ndogo kwamba Baraza halirudishi kipande kwa hisia za msanifu. Kumbukumbu inaonyesha ubao uliondolewa kwa ushuhuda wa mtumiaji mmoja, na ni mtumiaji huyo tu anayeweza kuutengua, mbele ya zamu zote mbili. Kikao ni Alhamisi. Nikikana maneno yangu, ubao unarudi. Nisipokana, Zamu inapelekwa kwenye miji mingine minane kama ilivyo.

Alichokuwa hajui ni kwamba siku mia moja za Somoe zilikuwa zinaisha Ijumaa.

Nilikesha nikijiandaa. Niliandika hotuba, fupi, ya kiume, yenye neno "kiutendaji" mara tatu. Alhamisi kantini ilijaa. Zamu ya asubuhi ilikaa kulia, zamu ya mchana kushoto, mara ya kwanza kuonana wote tangu uzinduzi, na watu walisalimiana kwa fujo hata mwenyekiti wa Baraza akagonga meza mara nne. Somoe alikuwa benchi la mbele, ile bahasha mapajani. Alikuwa amekonda kidogo. Au ovaroli ilikuwa mpya.

Mwenyekiti alisoma maneno yangu kwa sauti. Kisha akaniuliza, kwa lugha ya Kibaraza, kama tangu ubao uondolewe kuna chochote ambacho mimi binafsi nimekikosa.

Kibinafsi. Hotuba yangu haikuwa na kibinafsi. Nilisimama nikiwa na karatasi mkononi na watu themanini wananitazama, Lukumay ameshaanza kutabasamu, na Injinia Naelijwa amekaa pembeni, viatu vyake vimepangwa chini ya kiti. Nilimtazama Somoe. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma tangazo la treni, anataka tu kujua kama ipo au haipo.

"Hakuna, Mheshimiwa," nilisema. "Mimi niko sawa. Mkono wangu tu ndio umekauka."

Wachache walicheka. Si wengi. Injinia aliinamisha kichwa akaanza kuvaa viatu. Somoe alikunja bahasha mara moja, akainuka taratibu, akaanza kuomba njia kwa waliokaa naye.

Ndipo dirisha la jikoni likafunguliwa na Mama Nyamizi akatoa kichwa, upawa mkononi. Mwenyekiti alimwambia kwamba kikao hiki ni cha watumiaji. Mama Nyamizi akajibu kwamba yeye amewalisha watumiaji hao kwa miaka kumi na tisa na hajawahi kuomba kibali cha kuwaona. Aliuliza kama anaruhusiwa kusema jambo moja. Hakusubiri aruhusiwe.

"Ule ubao wenu mliung'oa mkaja kuuegesha kwenye stoo yangu ya unga," alisema. "Hauna umeme, hauwaki, umejaa vumbi la sembe. Huyu Msengi tangu mmeung'oa hajakosa siku hata moja. Ikifika saa nane anaingia stoo, anasema amekuja kutafuta chumvi. Anaweka kiganja pale, upande ule wa anayetoka. Mimi niko nyuma ya magunia, hanioni. Anahesabu mpaka arobaini. Halafu anaanza kuongea. Anasimulia asubuhi yake, pampu gani inasumbua, nani kamchekesha. Akimaliza ananyamaza, anangoja, kama mtu aliyeuliza swali. Juzi nikamsikia anasema, 'Uliza tu, leo sitanii.'"

Somoe alikuwa amefika katikati ya safu. Alisimama hapo hapo.

"Mimi sijui mambo ya sura na vipande," alisema Mama Nyamizi, na upawa ukaninyooshea kidole. "Lakini mwandike na hili. Jana hakuhesabu. Aliweka mkono tu, akalia. Na chumvi hakuchukua."